Nitrati katika tangi la matumbawe: tuanze na mkono unaolisha

Wafugaji wengi wa matumbawe ninaowafahamu huogopa tarakimu ya nitrati, chumvi ya nitrojeni inayolimbikizana majini, kuliko wanavyokiogopa chanzo chake. Kipimo kikisoma miligramu 50 kwa lita, jambo la kwanza linalowajia akilini ni chupa: inunuliwe dawa gani, itiwe matone mangapi, na maji yatasafika baada ya siku ngapi. Maoni yangu, baada ya miaka sita ya kutunza tangi la lita 250 nyumbani kwangu mashariki mwa Uingereza, ni kwamba nitrati nyingi ni hesabu ya chakula, na kwamba kuishusha kwa pupa huua matumbawe ambayo nitrati yenyewe ingeyaacha hai.

Hesabu yenyewe ni hii. Protini ina nitrojeni karibu asilimia 16 ya uzito wake, kwa hiyo gramu moja ya chakula kikavu ambacho nusu yake ni protini hubeba miligramu 80 za nitrojeni. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula huwa amonia, bakteria wakaigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrojeni ile ikifika yote mwisho wa safari hiyo, hutoa nitrati miligramu 350 hivi, ambazo katika lita 250 ni 1.4 kwa kila lita. Anayelisha gramu moja kila siku huongeza karibu 10 kwa wiki. Sasa tuseme mtu huyo hubadilisha asilimia 10 ya maji kila Jumamosi: anachoondoa ni asilimia 10 tu ya nitrati iliyomo, yaani 5 ikiwa kipimo kilikuwa 50. Hata tukikubali kwamba nusu ya nitrojeni hubaki katika miili ya samaki, huchukuliwa na mwani au hupotelea hewani kwa kazi ya bakteria waishio ndani ya mawe pasipo na oksijeni, bado zinaingia 5 na kutoka 5, na kipimo kitaganda pale pale kwenye 50 mwaka mzima. Hapo ndipo utasikia watu wakidai kwamba kubadilisha maji hakusaidii kitu. Kunasaidia sana, lakini hakuwezi kushindana na mkono unaolisha bila kipimo.

Maji ya bomba nayo yasisahaulike. Sheria za Uingereza huruhusu hadi miligramu 50 za nitrati katika kila lita ya maji ya kunywa, na huku mashariki, penye mashamba makubwa, mbolea imekuwa ikizama kwenye maji ya ardhini kwa miongo mingi. Anayefidia maji yaliyokauka kwa kutia ya bomba anaongeza nitrati kila siku, maana maji huenda hewani na nitrati hubaki tangini. Mimi husafisha maji hayo kwa mtambo unaoyasukuma kupita kwenye utando mwembamba na kisha kwenye resini, punje zinazonasa chumvi zilizobaki, na sioni namna ya kuikwepa gharama yake.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa tatu. Kipimo kilikuwa kimefika 60, nikaanza kutia kaboni. Njia hii ni halali na inafanya kazi: siki, vodka au sukari huwapa bakteria nguvu ya kuzaana, nao wakizaana huchukua nitrati na fosfati (chumvi ya fosfori) kutoka majini, kisha mtambo wa povu, unaonasa uchafu kwa viputo vya hewa, huwatoa nje. Mimi sikuwa na subira, nikaongeza dozi kila baada ya siku mbili. Maji yalipata ukungu kama yaliyooshea mchele, na samaki wakahamia juu wakitafuta hewa, kwa kuwa bakteria wengi kiasi kile hula pia oksijeni. Siku ya kumi na mbili nitrati ilisoma sifuri, na fosfati pia haikuonekana. Nilifurahi jioni ile. Wiki iliyofuata Acropora yangu kubwa, tumbawe la matawi, ilianza kubanduka nyama kutoka chini kwenda juu, na kila asubuhi nilipowasha taa nilikuta mfupa mweupe umeongezeka kwa upana wa kidole. Baadaye mchanga ukafunikwa na utando wa kahawia wenye viputo, wa vijidudu ambavyo hustawi pale wenzao wanapokosa chakula, na ilinichukua miezi minne kuuondoa.

Wanaotetea sifuri huniambia kwamba maji ya mwamba wenyewe baharini huwa na nitrati isiyofika hata miligramu moja kwa lita. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nimekulia Tanga, na nyakati za bamvua, maji yakitoka, tulitembea hadi ukingo wa mwamba. Yeyote aliyewahi kuzamisha uso pale maji yanaporudi anajua kwamba yamejaa vitu vidogo vinavyoelea, ambavyo mkondo huyaletea matumbawe usiku na mchana. Nitrati iliyoyeyuka ni haba, ila chakula hakikatiki. Tangi letu halina mkondo huo, na mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe unahitaji nitrojeni na fosfori ambazo lazima zitoke mahali fulani. Nitrati ikizidi, mwani huo huongezeka hadi tumbawe likawa la kahawia. Ikiisha kabisa, tumbawe hupauka na kufa njaa.

Kwa hiyo siku hizi nalenga kati ya 5 na 15, nikihakikisha fosfati ipo kidogo, na sishushi zaidi ya miligramu mbili au tatu kwa lita kila wiki. Uduvi wa kugandishwa nauyeyusha kwenye chujio la chai chini ya bomba, na maji mekundu yanayotoka, ambayo zamani niliyamimina yote tangini, yanaenda zake. Mfuko wa kitambaa unaochuja maji naubadilisha kila baada ya siku mbili, kabla uchafu haujaoza ndani yake. Katika tangi la pili lililo chini ya hili, ambamo maji yale yale hupita, nimewasha taa juu ya Chaetomorpha, mwani unaofanana na uzi uliosokotana, na kila mwezi navuna tonge la kujaza mikono miwili. Hiyo ni nitrojeni ninayoishika na kuitoa nje ya nyumba. Kabla ya kuamini tarakimu yoyote natikisa chupa ya kupimia kwa dakika nzima, na nasoma karatasi yake, kwani vipimo vingine huhesabu nitrojeni peke yake na jibu lake lazima lizidishwe kwa 4.4.

Bado natamani kangaja, samaki niliyemzoea tangu utotoni. Dukani yupo mmoja mwenye mistari ya buluu ninayemtazama kila nikienda kununua chumvi. Anakula kutwa nzima, na lita 250 ni chumba kidogo kwake, nami nimeshapiga hesabu ya gramu atakazohitaji. Narudi nyumbani na chumvi tu.