Aliyeacha unga, tumwachie sigara?

Huku Kusini unga tunaujua. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa Lindi, na Mtwara wapo wazazi waliokesha na kijana aliyeshikwa na arosto: mafua yanamtoka, mifupa inamuuma, usingizi hauji. Kijana huyo akifika siku ya kumi bila kete, kisha akaomba sigara, nani atamnyima?

Ndiyo hoja ya wazazi wengi, nami siidharau. Unga waweza kumuua usiku huu huu. Sigara huchukua miaka. Ukimwambia aache vyote kwa mpigo, anaweza kukimbia tiba kabisa. Hata wanaotumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, huvuta sigara zaidi baada ya kunywa dozi, kwa hiyo si ukaidi tu.

Lakini miaka hiyo hufika. Huko Marekani, hospitali ya Mayo Clinic iliwafuatilia watu 845 waliotibiwa uraibu, wengi wao wa pombe. Matokeo ya mwaka 1996 yalionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliokufa waliuawa na maradhi yanayotokana na tumbaku. Walishinda kilichowapeleka hospitalini, wakaangushwa na kile ambacho hakuna aliyewauliza. Kwetu, ambako kifua kikuu bado kipo, moshi unaongeza hatari hiyo pia.

Na je, kuacha sigara kunamrudisha mtu kwenye unga? Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliotoka mwaka 2004 ulikuta kinyume: waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa kwenye tiba walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 25, ya kukaa mbali na pombe na dawa za kulevya. Niseme kweli, wengi hawakudumu bila sigara. Ila kwa aliyeanza na kokteli, unga uliochanganywa ndani ya msokoto, kuwasha sigara kwenyewe kunaweza kumkumbusha alikotoka.

Mimi naona kuacha sigara kusiwe sharti la kumpokea mtu kwenye tiba, wala kuvuta kusiwe sababu ya kumfukuza. Aulizwe tu siku ya kwanza anavuta ngapi, aulizwe tena mwezi ujao, na akisema yuko tayari apewe msaada wa kweli. Bazoka za nikotini, zinazotafunwa ili kupunguza hamu ya sigara, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kijana wetu atazipata wapi, wakati sigara moja moja inauzwa kila kibanda?