Wasidi wa India: mbio zimo kwenye damu?

Katika orodha za "maajabu ya India" zinazozunguka mitandaoni, Wasidi hawakosi. Ni Wahindi wenye asili ya Afrika, uzao wa watumwa, askari na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, na leo wengi wao wako kwenye majimbo ya Gujarat na Karnataka. Huko Jambur, kijiji cha Gujarat kilicho kando ya msitu wa Gir, watalii waliokuja kutazama simba huishia kutazama pia ngoma yao. Wenyewe huiita goma, neno ambalo sisi hatuhitaji mkalimani. Mchezaji hurusha nazi juu, akaingoja kwa utosi, nayo ikapasuka. Kwetu kazi hiyo tumeiachia panga.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha riadha. Mwaka 1984, Los Angeles, mwanariadha wa India P. T. Usha alikosa medali ya shaba ya mita 400 kuruka viunzi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na India ikarudi nyumbani mikono mitupu. Miaka mitatu baadaye, mamlaka ya michezo ilianzisha mpango wa kusaka vipaji katika jamii mbalimbali, na Wasidi wakawa miongoni mwa waliolengwa. Hoja ilikuwa nyepesi: Waafrika hushinda mbio, hawa asili yao ni Afrika, basi tuwakimbize. Watoto wakatolewa vijijini, wakapelekwa kwenye kambi za mazoezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ukasitishwa.

Wanaoutetea wana la kusema, na si dogo. Mtoto wa kibarua wa msituni Karnataka alipata viatu, mwalimu na chakula cha uhakika. India pia huwatengea wanamichezo baadhi ya ajira serikalini, kama vile kwenye reli na polisi, kwa hiyo mbio ziliweza kumpatia kijana mshahara hata asipofika Olimpiki. Ukimwambia mzazi wa namna hiyo kwamba mpango ulijengwa juu ya dhana potofu kuhusu miili ya watu weusi, atakuuliza wewe ulimletea nini.

Hata hivyo, dhana yenyewe haisimami. Wakimbiaji wa Kenya wanaotikisa dunia wengi wao ni Wakalenjin wa nyanda za juu za Bonde la Ufa. Wasidi wengi wana damu ya Kibantu, na wazee wao walipakiwa majahazini kwenye pwani ya mashariki, wengi wakitokea upande wa Msumbiji. Medali mbili za Olimpiki ambazo Tanzania inazo, zote za Moscow 1980, zililetwa na Filbert Bayi wa Karatu na Suleiman Nyambui wa Musoma. Hakuna hata mmoja wa Pwani. Utanitajia Maria Mutola wa Maputo, bingwa wa mita 800 mwaka 2000. Sawa, lakini mmoja hatoshi kuwa kanuni. Na Usha mwenyewe, aliyeikosa medali kwa kiduchu, ni binti wa kijijini Kerala, kusini mwa India, asiyehusishwa na Afrika.

Kibaya zaidi, mpango uliotegemea damu haukuwa na subira. Medali zilipochelewa, fedha zikakauka, na vijana wakarudi kwao wakiwa wamepoteza miaka ya shule. Mimi naona karatasi iliwafaa Wasidi kuliko saa ya kocha. Mwaka 2003 Wasidi wa Uttara Kannada, Karnataka, waliingizwa kwenye orodha rasmi ya makabila yanayolindwa na katiba, ambayo hutengewa asilimia 7.5 ya nafasi za kazi katika serikali kuu. Hapo hakuna anayepimwa urefu wa paja.

Ila karatasi nayo ina vituko vyake. Gujarat, orodha hiyo inawatambua Wasidi wa wilaya za Saurashtra tu, yaani rasi ya magharibi ya jimbo hilo. Msidi wa Junagadh yumo. Wa Bharuch, anayeishi karibu na kaburi la Bava Gor, walii anayeheshimiwa na Wasidi wa jimbo zima, hayumo.