Ukiumia jeshini, hakikisha imeandikwa

Nimestaafu jeshi nina miaka 38 kwa sababu ya mgongo, na hapa Nkuhungu, Dodoma, bado kuna majirani wanaamini nilifukuzwa, maana wanavyojua wao mwanajeshi anastaafu akiwa na mvi. Wengine wananiuliza PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wameshanilipa, nawaelewesha kwamba sisi pensheni yetu inatoka Hazina, wanatikisa kichwa tu. Hayo nimeshazoea. Kinachoniuma mpaka leo ni faili langu.

Niliumia kwenye mazoezi, tunashusha maboksi kwenye lori usiku, mwenzangu akateleza na uzito wote ukanijia mimi, nikasikia kitu kimekatika kiunoni kama kijiti kikavu. Asubuhi nikasimama paredi. Sikwenda zahanati ya kikosi kwa sababu yani mnajua wenyewe ukiomba ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, unaitwa mtegaji, na mi nilikua koplo mpya nina vijana chini yangu, ningeanzaje kulala bwenini wao wanakimbia? Nikawa nanunua diklofenaki duka la dawa kwa hela yangu. Miaka 6 nimekula hivyo vidonge, mke wangu ndo alikua ananivalisha buti nikiwa likizo.

Mguu wa kushoto ulipoanza kufa ganzi ndo nikapelekwa hospitali, kipimo kikaonyesha diski mbili za uti wa mgongo zimetoka zinabana mishipa ya fahamu, baada ya hapo nikaitwa mbele ya jopo la madaktari. Daktari akafungua faili, akafunua karatasi ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Afande, hii ajali iliandikwa wapi?" Sikua na jibu. Kwenye makaratasi ni kama niliumwa tu mgongo kama mtu yeyote anavyoweza kuumwa nyumbani kwake, na ugonjwa uliotokana na kazi hauhesabiwi sawa na ugonjwa wa kawaida, hapo ndo stahiki zinapopishana.

Desemba 7, 2017 kule Semuliki, Kongo, wenzetu waliokwenda kulinda amani walishambuliwa kambini, wakafa 14 siku ile na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Nchi nzima ililia, na mimi nililia. Lakini ile ina tarehe, ina ripoti, hakuna atakayemuuliza yule majeruhi aliumia wapi. Sisi tulioumia Jumanne ya kawaida tukishusha maboksi tarehe yetu tuliimeza wenyewe na vidonge.

Ndo maana nasema kwa makamanda wetu, kwa heshima zote, hii tabia ya kumzomea askari anayeomba ED iishe. Ukakamavu naupenda, umenilea, mpaka leo saa 10 alfajiri macho yako wazi nafagia uwanja kabla vumbi la Dodoma halijaamka, ila kumfanya kijana aone aibu kusema ameumia ni kumnyang'anya haki yake ya kesho. Na kijana naye asikubali. Nenda zahanati siku hiyohiyo, hakikisha daktari ameandika umeumia ukifanya nini na lini, omba nakala, mpe mama au mke aitunze nyumbani.

Kiinua mgongo kilikuja, ndugu nao wakaja, kila mtu na wazo lake la bodaboda na kiwanja. Tulinunua mashine ya kusaga, iko Chang'ombe, mke ndo anaisimamia maana mi magunia sigusi tena.

Wiki iliyopita dogo mmoja wa hapa mtaani, yuko kikosini mwaka wa pili, amekuja likizo nikamuona anachechemea. Nikamuuliza goti limefanyaje, akasema, "Aa, kawaida tu afande, lilipiga jiwe kwenye mazoezi, litapoa." Nikamuuliza umeandikisha? Akacheka. Nikamwambia mdogo wangu kaa hapa kwenye benchi, nikaingia ndani nikamletea faili langu, nikamfungulia zile karatasi mbili azisome mwenyewe. Hakucheka tena. Anaripoti Jumatatu, na ameniahidi ataanzia zahanati.