Telltale Games: Soko Liliiua, au Mapishi Yale Yale?

Mpwa wangu ana kibanda cha gemu Ngamiani, hapa Tanga. Jioni moja nilikuta vijana kama kumi wamesongamana mbele ya televisheni moja. Pedi iliyokuwa nzima ilikuwa moja tu, nayo imekazwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Hawakuwa wakicheza mpira. Ilikuwa The Walking Dead, gemu ya hadithi ya maiti wanaotembea kutoka studio ya Telltale Games, pale Lee, mhusika unayemwongoza, anapotakiwa kumwokoa mwenzake mmoja, Doug au Carley, na sekunde zinakatika. Kelele zake utadhani Coastal Union wamepata penalti.

Aliyelipa jero alikuwa mmoja. Wale tisa walitazama bure, wakaondoka na hadithi yote.

Telltale ilianzishwa California mwaka 2004 na watu waliotoka LucasArts, kampuni nyingine ya gemu. Mwaka 2012 gemu hiyo, iliyouzwa kwa sehemu tano, iliwapa tuzo za gemu bora ya mwaka na jina dunia nzima. Tarehe 21 Septemba 2018 studio ikawaachisha kazi watu wapatao 250 kwa siku moja, wakabaki 25.

"Mjomba, ni soko tu," mpwa wangu husema, na hoja yake ina uzito. Gemu ya mpira kila mechi ina matokeo yake. Gemu ya hadithi, ukishamtazama mwenzio akiicheza YouTube, umeimaliza, utainunua ya nini? Tena majina makubwa waliyoyatumia, Batman, Game of Thrones, Minecraft, yalikuwa ya watu wengine, na mwenye jina lazima apate fungu lake. Gemu yao nyingine, Tales from the Borderlands, ilisifiwa sana lakini mauzo yake yalikuwa haba.

Waliofanya kazi mle ndani wanasimulia mengine: kukesha miezi na miezi, wakubwa kubadilisha hadithi dakika za mwisho, programu ya kutengenezea iliyochakaa. Baada ya 2012 kampuni ilijitwisha gemu nyingi kwa mpigo, zote kwa mapishi yale yale: mazungumzo, uamuzi wa haraka, kisha maandishi kwamba fulani atalikumbuka hilo. Wachezaji si wajinga. Doug au Carley, yeyote utakayemwokoa, anapigwa risasi katika sehemu ya tatu. Mara ya kwanza inakuuma. Ukifika gemu ya nne ya namna hiyo, umeshajua kuwa uamuzi wako haubadilishi kitu.

Sisi watu wa Tanga ubishi wa aina hii tumekua nao. Mwaka 1964 nchi ilizalisha mkonge tani zipatazo 230,000, kisha ukaporomoka. Wazee hadi leo wanavutana: ni kamba za plastiki, au ni utaifishaji wa 1967? Mimi naona kila upande una lake, ila pigo lilikuwa zito hivyo kwa sababu maisha ya watu wengi mno yalikuwa yameegemea zao moja.

Telltale naiona hivyohivyo. Namkubalia mpwa wangu nusu: hakuna bosi ambaye angeizuia YouTube. Lakini studio ndogo ingestahimili gemu isiyouza. Hii ilikuwa imevimba mpaka Novemba 2017, ilipopunguza watu 90, wakawa ni robo tu ya wafanyakazi wake. Kuvimba huko uliamua uongozi, soko halikuulazimisha.

Nisichoweza kukitetea kabisa ni ile siku ya mwisho. Watu waliondoka bila kiinua mgongo, na bima yao ya afya ikikoma mwisho wa mwezi uleule, siku tisa mbele. Mfanyakazi mmoja alikwenda mahakamani akidai notisi ya siku 60 inayotakiwa kisheria. "Pesa hazikuwepo," mpwa wangu ananiambia. Sawa, hazikuwepo. Lakini wenye vitabu vya hesabu waliziona zikipungua, na aliyekuwa akichora uso wa Clementine, yule binti anayelindwa na Lee, hadi usiku wa manane hakuambiwa.

Gemu ya mwisho ya Clementine ilikuwa haijakamilika. Skybound, kampuni ya Robert Kirkman aliyeandika vitabu vya katuni vya The Walking Dead, iliichukua ikawaita baadhi ya walioachishwa. Sehemu ya mwisho ilitoka Machi 2019, imemaliziwa na mikono ileile iliyoonyeshwa mlango mwezi Septemba.