Tatu au nne? Fomu ya A-level ya binti yangu

Binti yangu ana miaka 16. Majuzi aliniletea fomu ya kuchagua masomo ya A-level, ile miaka miwili ya mwisho kabla ya chuo kikuu, hapa Leicester, Uingereza, tunakoishi. Akaandika Kemia, Baiolojia na Historia, akaishia hapo. Nikamuuliza la nne liko wapi. "Mama, tunachukua matatu," akanijibu. Sikuridhika. Kwa siku mbili nilimwandama aongeze Hisabati, kwa sababu mtoto wa rafiki yangu anasoma manne, na kwa sababu sisi tuliokuja ughaibuni tunaishi na hofu kwamba watoto wetu wataonekana wamefanya pungufu kuliko wenzao.

Nilikosea, na nawaandikia wazazi wenzangu ambao fomu hiyo iko mezani kwao sasa hivi.

Vyuo vikuu vya Uingereza, hata vile vigumu kabisa kuingia, kwa kawaida humpa mwombaji sharti la alama za masomo matatu. Mwenye A tatu atapita mahali ambapo mwenye B nne atakataliwa. La nne lina kazi kwa anayekwenda kusomea hisabati au uhandisi na kuchukua ile Hisabati ya juu wanayoiita Further Maths. Kwa mwingine ni vipindi vya saa nne au tano kila wiki, bado kazi za nyumbani, na muda wote huo unakatwa kwenye yale matatu.

Waingereza wenyewe wamehangaika sana na hesabu hii. Miaka ya 2000 wengi walianza na manne, wakaacha moja baada ya mwaka wa kwanza. Mageuzi yaliyoanza 2015 yakaudhoofisha utaratibu huo. Oktoba 2023 Rishi Sunak, akiwa Waziri Mkuu, alitangaza mpango wa kuwafikisha wanafunzi kwenye masomo matano, na Hisabati na Kiingereza visomwe na kila mtu hadi miaka 18. Mwaka 2024 chama cha Labour kikaingia madarakani, kikaufuta mpango huo.

Nyumbani Tanzania nako tulisoma matatu. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2004, tahasusi (mchepuo wa masomo matatu uliokwisha kupangwa) ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Niliipenda Kemia na nilikipenda Kiswahili, lakini hapakuwa na tahasusi iliyoviweka pamoja. Ukishika Kemia, umejifunga na sayansi. Ukitaka Kiswahili, nenda HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Baba akasema PCB, nami nikaenda. Fizikia ilinila miaka miwili. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kukariri kanuni nisizozielewa, na matokeo yalipotoka ndiyo iliyonishusha, si Kemia. Mpaka leo nafanya kazi maabara ya hospitali, na ile Fizikia sijaihitaji kwa kiwango kile hata siku moja.

Binti yangu anataka udaktari. Nyumbani bila Fizikia angekuwa amejifungia mlango. Hapa vyuo vingi vya udaktari vinataka Kemia, vingi vinataka na Baiolojia, na somo la tatu anachagua mwenyewe. Anaipenda Historia, na mtoto husoma vizuri anachokipenda. Nilichonyimwa mimi ni huo uhuru, wala si somo la nne.

Ila kuna kitu cha nyumbani ambacho sikukithamini mpaka nilipofika huku. Sisi wa PCB tulikuwa na BAM, ile hesabu ndogo pembeni, pamoja na General Studies, somo la maarifa ya jumla. Tuliviona usumbufu. Kumbe vilitufaa: hapa kijana anaweza kuacha hesabu kabisa akiwa na miaka 16, kisha akafika chuoni na kukutana na takwimu hajui aanzie wapi. Nilipomweleza mwalimu wake hivyo, akanionyesha Core Maths, kozi ya uzito wa nusu ya A-level. Ni ndugu wa BAM kabisa. Tumekubaliana achukue hiyo, Hisabati nzima tukaiacha.

Mwaka 2024 Tanzania ilipanua tahasusi kutoka 16 hadi 65, na nilifurahi mno kusikia. Lakini kaka yangu wa Morogoro ananiambia shule aliyopangiwa mwanawe ina tahasusi nne tu. Orodha ndefu haimsaidii mtoto kama shule haina mwalimu. Hapo ndipo ningependa wazazi wa nyumbani tupige kelele, badala ya kusukuma kila mwenye alama nzuri za sayansi kwenye PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na PCB.

Mpwa wangu huyo amepelekwa PCB, naye moyo wake uko kwenye Jiografia. Jana nimezungumza na kaka kwa saa nzima. Mwanzoni alisema mtoto atazoea, maneno yaleyale ya baba. Nikamsimulia zile alfajiri zangu za Fizikia, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Akanyamaza, kisha akauliza CBG, ile ya Kemia, Baiolojia na Jiografia, inapatikana shule gani.