Kabla ya kuzima power save, semeni fremu imefia wapi

Mtu akilalamika tu kwamba Wi-Fi ya Linux inapoteza fremu (vifurushi vya data vinavyorushwa hewani), waganga hawakosi: `iw dev wlan0 set power_save off`, yaani kataza kadi kusinzia ili kuokoa umeme. Isiposaidia, rudi kerneli ya zamani. Ikishindikana, nunua kadi nyingine. Hakuna anayeuliza fremu imefia wapi: hewani, ndani ya kadi, kwenye dreva, kwenye mac80211 (sehemu ya kerneli inayoshughulikia Wi-Fi), au huko juu kwenye foleni za mtandao.

Wengine hufungua `ip -s link`, wakaona safu ya dropped inapanda, wakaanza kulia. Tangu kerneli 2.6.37, namba hiyo upande wa kupokea inahesabu hata fremu za itifaki ambazo mashine yako haina wa kuzishughulikia. Ruta ikirusha LLDP (itifaki ya vifaa kujitambulisha kwa majirani) usiku kucha, namba itapanda usiku kucha. Hongera, umegundua LLDP.

Inayokera zaidi ni kaunta ya fremu zilizotupwa, `rx drop misc`, ndani ya `iw dev wlan0 station dump`. Ikipanda, dreva anahukumiwa bila kusikilizwa. Mara nyingi kilichotokea ni hiki: kadi imepokea fremu na kurudisha ACK (jibu la "nimeipata"), ACK ikapotea njiani, ruta ikaituma tena fremu ileile kwa namba ileile ya mfuatano, mac80211 ikaitambua nakala na kuitupa. Hakuna data iliyopotea. Linganisheni na `rx_duplicates` kwenye debugfs (kerneli inapoanika takwimu zake za ndani), chini ya `ieee80211/phy0/netdev:wlan0/stations/`. Zikipanda sambamba, angalieni msongamano wa chaneli kwa `iw dev wlan0 survey dump`: muda wa busy ni sehemu gani ya muda wa active? (Kadi mpya za Intel, zinazotumia dreva ya iwlwifi, huchuja nakala ndani ya dreva, kwa hiyo huko kaunta hii haitawaambia mengi.)

Zisipolingana, ingieni saraka ya `keys` chini ya `phy0`, msome `replays`, kaunta ya fremu zilizotupwa kwa kudhaniwa zimerudiwa. CCMP, usimbaji wa WPA2, huipa kila fremu namba ya pakiti, PN, yenye biti 48, na lazima iwe inapanda. Fremu ikija na PN isiyozidi ya mwisho, inatupwa kimyakimya kama shambulio la kurudia. Sasa, kwenye A-MPDU (fremu nyingi zikirushwa kwa mkupuo mmoja) fremu hufika zimevurugika, ndiyo maana mac80211 huzishikilia kwenye bafa mpaka pengo lizibwe, au zipite takriban milisekunde 100. Dreva inayopokea kwa foleni kadhaa sambamba ikizipandisha bila kuzipanga, fremu halali kabisa zinaonekana za kurudiwa. Dalili yake inadanganya: ping inapita vizuri kwa sababu pakiti zake chache hazikusanywi pamoja, lakini ukipakua faili kubwa TCP inaanguka. Zimeni power save mpaka kesho, `replays` itaendelea kupanda.

Kipimo kinachomaliza ubishi kinahitaji kompyuta ya pili, yenye kadi ya kiwango kilekile, la sivyo haitazisoma fremu zenyewe. `iw phy phy0 interface add mon0 type monitor`, iwasheni, iwekeni kwenye chaneli ya ruta, kisha `tcpdump -i mon0 -w hewa.pcap`, irekodi kila kinachosikika hewani. Papo hapo endesheni tcpdump kwenye wlan0 ya mashine inayolalamikiwa. ACK hutumwa na kadi yenyewe mikrosekunde 16 baada ya fremu kwenye GHz 5. Kerneli haina habari nayo. Kwa hiyo ACK ikionekana hewani na fremu isionekane kwenye wlan0, muuaji yumo ndani ya mashine. Hapo endesheni `perf record -a -e skb:kfree_skb`, inayorekodi kila pakiti kerneli inapoitupa, na ambayo tangu kerneli 5.17 hubeba sababu ya kutupwa. Msiichanganye na consume_skb; hiyo ni pakiti iliyomaliza kazi yake.

Upande wa kutuma, `tx retries` (marudio ya kutuma) kupanda ni kawaida ya hewa. Tazameni `tx failed`, zilizoshindikana kabisa.

Haya, power save nayo haina usafi wote. Ruta hushikilia fremu za broadcast na multicast (zinazotumwa kwa wengi) mpaka DTIM, wakati maalum ambao kadi zinatakiwa kuamka, nazo hazina ACK wala kurudiwa. Kadi ikipitiwa na usingizi, ARP au mDNS (maswali ya vifaa kutafutana kwenye mtandao) imekwenda na haitarudi. Hapo zimeni. Ila leteni kwanza hiyo `hewa.pcap` inayoonyesha ombi la ARP lilitoka kwenye ruta, na wlan0 haikuliona.