Thabeet hakubeba kombe pale UConn
Hapo mliposema Hasheem Thabeet ndo aliwapa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) ubingwa wa kikapu wa vyuo Marekani mmechemka. Jamaa alifika pale 2006, makombe ya 1999 na 2004 yalishakuwa kabatini chini ya kocha Jim Calhoun, na lililofuata ni la 2011 yeye kashaondoka miaka miwili nyuma. Alichofanya ni kufika nao nusu fainali 2009 wakapigwa na Michigan State, halafu akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA (pale timu za ligi kuu ya kikapu Marekani zinapochagua wachezaji wapya), Mtanzania wa kwanza kucheza kule, hiyo si ndogo bana. Mwaka ule huku Kigoma, Mwanga, tulikuwa tunacheza kiwanja cha saruji, ringi moja, nyavu hakuna, mpira umechakaa mpaka unateleza, na kila mrefu aliitwa Hasheem hata kama kudaka pasi hajui (mimi mmojawapo, nilipangwa chini ya goli kwa urefu tu). Kabla ya hapo UConn nani aliijua, mechi zao kwetu usiku wa manane na banda umiza linaonyesha Arsenal tu. Hivi kile kiwanja bado kipo au kishageuzwa fremu za maduka?